Mwanzi, Pamba au Plastiki: Mwani Ushike Nini?

Mwani una maisha ya namna mbili. Upo unaoelea, ule unaoyafanya maji ya bwawa yawe ya kijani. Na upo unaoshika, ule utando unaomtelezesha mtu juu ya jiwe la mtoni. Anayetaka kuvuna wa kwanza ana kazi kubwa ya kuchuja, kwa sababu hata katika mabwawa yaliyojengwa maalumu kwa kufuga mwani, lita 1,000 za maji hubeba kiasi cha nusu kilo tu ya mwani mkavu. Wa pili unakuja umekwisha kujikusanya. Kazi ni kuukwangua, au kumwachia samaki aukwangue. Hapo linaanza swali ambalo limewashughulisha wahandisi wa maji taka wa Marekani, wafugaji wa samaki wa Bangladesh na wavuvi wa maziwa ya pwani ya Benin: tuweke nini ndani ya maji ili mwani ukishike?

Nimewakutanisha watu wanne kwenye karatasi. Ni wa kubuni na maneno yao nimeyatunga mimi, lakini majaribio wanayoyataja yalifanyika kweli. Mfugaji ana mabwawa ya sato mkoani Ruvuma. Mtafiti ni binti anayesomea mambo ya maji chuo kikuu. Fundi anauza neti, mabomba na maturubai Dar es Salaam. Wa nne ni mkulima wa mwani wa Paje, Unguja, na kwa heshima ya umri wake wote wanamwita Bi Mkubwa.

MTAFITI: Shikamooni wazee. Naomba nianze na jaribio la mwaka 2010. Johnson na Wen, wakiwa Virginia Tech kule Marekani, walichukua klorela, mwani wa chembe moja, wakaulisha maji ya samadi ya ng'ombe wa maziwa. Ndani ya maji yale wakaweka vitu mbalimbali: dodoki, sponji ya nailoni, povu laini kama la godoro, kadibodi, kitambaa cha plastiki, na polistireni, lile povu gumu jeupe la maboksi ya samaki. Polistireni ikashinda. Mwani uliishika barabara, na mavuno yakafika gramu 25 na ushee, uzito mkavu, kwa kila mita ya mraba.

FUNDI: Basi tumemaliza. Plastiki. Twendeni tukanywe chai.

MFUGAJI: Kaa kwanza, kijana. Hao walikuwa na samaki humo?

MTAFITI: Hapana, mzee. Walitaka mafuta ya mwani, watengeneze dizeli.

MFUGAJI: Mimi nina sato. Sato hali kwa adabu. Anakwangua kwa midomo na meno. Povu lile hata mtoto akilichokonoa kwa ukucha linatoa punje. Nikiliweka bwawani, nitakuja kuuza samaki wenye punje za boksi tumboni.

MTAFITI: Wen mwenyewe hakubaki na povu. Alipokuwa Iowa State, yeye na Martin Gross walitangaza mwaka 2013 mtambo wenye mkanda wa kitambaa unaozunguka bila kusimama: chini unachovya kwenye maji yenye virutubisho, juu unapita hewani na juani. Walijaribu vitambaa na plastiki nyingi. Kilichofanya vizuri kuliko vyote ni turubai la pamba. Utah State nao, Christenson na Sims, mwaka 2012 walizungushia kamba ya pamba kwenye pipa linalozunguka ndani ya maji taka. Siku ya kuvuna, kamba inafunguliwa, inapita kwenye kikwanguo, inarudi.

BI MKUBWA: Pamba, mwanangu? Ndani ya maji machafu? Ikae muda gani?

MTAFITI: Hiyo ndiyo taabu yake. Pamba karibu yote ni selulosi, na maji taka yamejaa bakteria wanaoila. Inashika mwani vizuri, kisha inalegea na kukatika.

BI MKUBWA: Hayo mbona yanajulikana bila mtambo. Sisi makumbi ya nazi tunayafukia kwenye mchanga wa pwani, bahari inajaa na kupwa juu yake miezi na miezi. Laini yake yote inaoza. Tukiyafukua tunayatwanga, ulobaki ni usumba, na usumba ndio tunaosokota kamba. Kitu kilichozikwa hivyo kikatoka kizima, bwawa la mzee huyu litakifanya nini kwa msimu mmoja?

MTAFITI: Kinachouokoa usumba ni lignini, ile gundi inayoukaza mti uwe mti. Zaidi ya theluthi ya uzito wa usumba ni lignini. Kwenye pamba haipo ila kidogo sana, na mkonge uko katikati, karibu zaidi na pamba. Bakteria wanaitafuna selulosi haraka, ila lignini inawashinda kwa muda mrefu.

Naweka alama hapa. Maandiko mengi niliyoyasoma juu ya jambo hili yanapanga vitu katika makundi mawili, vya asili na vya kiwandani, kana kwamba vya asili vyote vinaoza sawasawa. Pamba na usumba vyote ni vya asili, vyote ni nyuzi, lakini kimoja ni cha majuma na kingine ni cha misimu. Mgawanyo wa namna hiyo haumsaidii mtu anayekwenda dukani na fedha yake.

BI MKUBWA: Lakini na mimi niseme langu. Mwani unaoshika mimi siutaki.

FUNDI: Sasa Bi Mkubwa, wewe si mkulima wa mwani?

BI MKUBWA: Ndiyo, baba. Tulianza kulima Unguja mwaka 1989, kwetu Paje na kwa jirani zetu wa Jambiani, na mbegu asili yake Ufilipino. Kuna spinosum na kuna kotonii. Mwani huo haushiki kitu. Tunaufunga kwa tai-tai, vile vikamba vidogo, kwenye kamba, kamba tunaikaza kati ya vigingi viwili, unakua ukining'inia. Unaojishikiza wenyewe kwenye kamba ni mwani-pori, ule wa nyuzinyuzi, na huo ni adui. Unaufunika mwani wetu, unaunyima jua, unautia uchafu, mnunuzi anakunja uso. Maji yakikauka tunaingia kuutikisa na kuuchambua. Nyie mnatafuta kinachoshika. Mimi nakijua kwa kukikimbia.

MTAFITI: Na kinachoshika zaidi ni kipi?

BI MKUBWA: Kamba kuukuu. Kamba mpya ya plastiki, nyororo, inakaa safi siku zake. Ikishaota manyoya kwa jua na kusuguana, haisafiki tena. Plastiki ile ile, duka lile lile. Tazameni ngozi ya kitu, msitazame jina lake.

MTAFITI: Maabara inasema karibu hivyo hivyo. Ukitumbukiza kitu chochote majini, kwanza kinapakwa utando mwembamba wa uchafu ulioyeyuka, kabla hata ya kiumbe chochote kufika. Kisha wanakuja bakteria na ute wao, kisha mwani mdogo wa diatomu, mwisho ule wa nyuzi. Wa mwisho anapofika, hakanyagi plastiki wala mti, anakanyaga waliomtangulia. Kwa hiyo kitu chenyewe kina neno kubwa siku za mwanzo. Baadaye kinachotawala ni vijishimo na manyoya ya kujishikiza, mwanga, na mwendo wa maji.

FUNDI: Hebu lete namba, dada. Biashara haiendi kwa maneno.

MTAFITI: Walter Adey wa Taasisi ya Smithsonian alipata wazo lake kwenye miamba ya matumbawe ya Karibi. Aliona mwani mfupi unaotafunwa na samaki kutwa nzima na bado unaota kwa kasi. Akatengeneza mfereji wa maji mafupi wenye wavu sakafuni, maji yakimwagwa kwa vishindo kama wimbi dogo, na mwaka 1982 akapewa hataza ya Marekani. Miaka mingi baadaye yeye na wenzake waliweka mifereji hiyo kwenye mto Great Wicomico, Virginia, kwa miezi 22. Wavu bapa ulitoa wastani wa gramu 15.4 za mwani mkavu kwa mita ya mraba kwa siku. Wavu wenye kimo, wenye nyuzi zilizosimama, ulitoa gramu 39.6. Mto ule ule, jua lile lile.

FUNDI: Maana yake zulia linashinda jamvi.

MTAFITI: Kwa mfereji wa Adey, ndiyo.

FUNDI: Basi mimi niko sokoni. Ninazo neti za kivuli, zile za vitalu vya miche, zinavumilia jua kwa sababu zimetiwa kinga kiwandani. Mkulima anazikunja, anazining'iniza, anapata eneo analotaka. Wengine watakwambia tumia sandarusi za mchele, za bure. Sandarusi nyingi hazina kinga hiyo. Zikikaa juu ya maji msimu mmoja wa kiangazi zinakauka na kupukutika, na zile nyuzi zake hutazitoa tena bwawani.

Katika hili Fundi namwamini, ingawa ana duka. Na kwa kuwa tumefika kwenye vitu vya bure, kuna viwili ambavyo havina mjadala. Chandarua kilichotiwa dawa kisiingie bwawani hata kikiwa kimezeeka na kutoboka: dawa za jamii ya pairethroidi zinazoua mbu ni sumu kali kwa samaki, kwa kiasi kidogo sana. Na vipande vya nguzo za umeme vilivyotibiwa, vyenye rangi ya kijani, vina shaba, kromiamu na arseniki. Shaba ndiyo hiyo hiyo inayotiwa kwenye rangi za matumbo ya meli ili mwani usishike. Mtu anayesimika nguzo hizo apate mwani anafanya kazi mbili zinazopingana, na samaki wake wanalipia.

MFUGAJI: Mmemaliza? Sasa sikilizeni habari ya mianzi.

FUNDI: Nilijua tu, mzee wangu.

MFUGAJI: Bangladesh, Azim na wenzake walisimika mianzi ndani ya mabwawa ya samaki, wakajaribu pia matawi na mabua ya juti. Mabwawa yaliyosimikwa mianzi yalitoa samaki wengi kuliko yaliyoachwa wazi. Siyo kwamba mianzi ina uchawi. Sato akiwa kwenye maji ya kijani anachuja kidogo kidogo, anachoka. Akipata utando, anauma.

MTAFITI: Hilo limepimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling, Uskochi, mwaka 1993 walilinganisha sato wanaochuja mwani unaoelea na wanaokwangua ulioshika. Wanaokwangua walikula kwa kasi kubwa zaidi, kwa tofauti isiyo na ubishi.

MFUGAJI: Mimi sikuhitaji Uskochi. Teremka Mbamba Bay, tazama majini kando ya mawe. Mbuna wa Ziwa Nyasa wanakwangua jiwe kutwa, na jiwe halijaisha wala mwani haujaisha.

BI MKUBWA: Basi weka mawe bwawani, mzee. Ruvuma mawe yamewaishia?

MFUGAJI: Mama, maji ya Ziwa Nyasa ni meupe, jua linashuka mbali. Bwawa nililotia mbolea ni la kijani. Nikizamisha sahani nyeupe, kwenye sentimita 30 siioni tena. Jiwe linalala chini kwenye giza na tope. Utando wake ni wa kuoza.

MTAFITI: Mwanga wa kuufaa mwani unakwisha kwenye kina cha mara mbili au tatu ya hapo sahani inapopotea. Kwa bwawa lako ni kama sentimita 60 hadi 90. Chini ya hapo, weka mwanzi, weka dhahabu, hakioti kitu.

Maneno haya ya mwisho yangeweza kuufunga nusu ya ubishi wote. Watu hugombana juu ya kitu gani, kumbe swali lililotangulia ni kwenye kina gani. Mwanzi una sifa moja ambayo haitokani na ngozi yake: unasimama wima, unapita kwenye kina chote, kwa hiyo popote mwanga utakapoishia, sehemu yake ya juu itakuwa ndani ya mwanga. Neti iliyolazwa sakafuni haina bahati hiyo. Neti iliyoning'inizwa wima inayo.

MTAFITI: Ila mzee, tupige hesabu. Mwanzi wa kipenyo cha sentimita 5, mita moja yake ikiwa ndani ya maji, una ngozi ya mita za mraba 0.157. Bwawa lako la mita 10 kwa 10 ni mita za mraba 100. Ukitaka eneo la kushikia mwani lilingane na eneo la bwawa, unahitaji mianzi 637.

MFUGAJI: Mia sita?

MTAFITI: Na thelathini na saba.

MFUGAJI: Binti, unajua mwanzi kwetu ni nini? Mvua zikianza machipukizi yanakatwa ncha, yanachongwa asubuhi na jioni, ulanzi unadondoka kwenye kibuyu. Kila shina lina mwenyewe na lina wateja wake. Nikienda kukata 637 nitahamishwa kijiji.

FUNDI: Neti mita za mraba 50, pande mbili, umepata 100. Naifunga kwenye pikipiki moja.

MFUGAJI: Usinikate kauli. Sikusema nitafikia eneo lote. Hata nusu yake ni faida kuliko bwawa tupu. Na mwanzi una kazi ambayo neti yako haina. Mwizi akija usiku na kokoro lake, akikuta bwawa limesimikwa mianzi mia tatu, atavuta nini?

BI MKUBWA: Na wewe siku yako ya kuvuna utavuta nini?

Hapo Mfugaji alikohoa. Bangladesh wanaing'oa mianzi kwanza ndipo wanapitisha wavu, na kung'oa miti mia tatu iliyozama kwenye tope, watu wakiwa kwenye maji ya kifuani, ni kazi ya siku nzima. Hoja ya mwizi ni ya kweli, na wavuvi wengi duniani wanaijua; ila mwanzi haumtambui mwenye bwawa.

MTAFITI: Na usisimike mwanzi mbichi. Una wanga na sukari. Ukiutumbukiza siku ile ile ulipokatwa, bakteria wanaukimbilia, wanatumia hewa iliyomo majini. Mchana hutaona kitu kwa sababu mwani unatoa oksijeni. Usiku mwani nao unavuta, na alfajiri unakuta samaki midomo juu. Uloweke kwingine kwanza, majuma kadhaa, ndipo uuhamishe.

MFUGAJI: Hilo nalijua. Mwanzi uliolowekwa hata wadudu hawautaki sana.

BI MKUBWA: Mimi nauliza miti inatoka wapi. Vigingi vyetu vya mwani vingi vilikuwa vya mikoko. Ukilima mashamba mengi, unahitaji vigingi vingi, na vinaoza, unakata vingine. Mkoko ni mazalio ya samaki. Unakata nyumba ya samaki ufuge mwani.

MTAFITI: Benin wana jambo hilo hilo. Kwenye maziwa ya pwani kama Nokoué, wavuvi husimika matawi kwa maelfu, wanaita akaja. Utando unaota, samaki wanakuja kula na kujificha, baada ya miezi wanazungushia wavu na kuvuna. Mavuno ni makubwa, lakini matawi yanaoza na msitu ndio unaolipa. Ndiyo maana Côte d'Ivoire, kwenye maji ya Ebrié, watafiti walijaribu akaja ya mianzi badala ya matawi.

FUNDI: Na mimi nasema akaja ya plastiki.

BI MKUBWA: Baba, kamba zetu kuukuu za plastiki ziko ufukweni mpaka leo. Mkoko unaoza ndiyo, lakini ukioza umekwenda. Kamba yako haiendi.

Fundi hakujibu. Kwa haki yake niseme: hakuna kitu kati ya vilivyotajwa ambacho hakina gharama kwa mtu mwingine. Lakini kuna tofauti kati ya neti nzito iliyokazwa kwenye fremu, inayotolewa yote siku ya kuvuna, ikaoshwa, ikarudishwa, na kamba elfu moja zilizoachwa zisuguane na vigingi kila maji yanapojaa na kupwa. Plastiki inayotoka nzima si sawa na inayotoka vipande, na hilo linategemea fremu na usimamizi kuliko inavyotegemea kiwanda.

MTAFITI: Naomba nirudi kwenye kukwangua, maana naona tumelipita haraka. Johnson na Wen walipokwangua lile povu, hawakusafisha mpaka likang'aa. Waliacha mabaki, na mabaki yale yakawa mbegu ya mavuno yaliyofuata. Hawakuhitaji kupanda upya. Kitu laini kabisa, kama kioo, unapokikwangua kinatoka kitupu, unaanza na sifuri. Chenye manyoya mengi mno, nusu ya mwani hautoki. Unachotaka ni kitu kinachoachia sehemu kubwa na kubakiza kidogo.

MFUGAJI: Na nisipovuna?

MTAFITI: Utando unanenepa, tabaka la chini linakosa mwanga na kuoza, kisha wote unajing'oa na kuelea. Mifereji ya Adey huvunwa kila juma moja au mawili kwa sababu hiyo.

MFUGAJI: Kwangu hakuna ratiba. Sato wanavuna kila saa.

BI MKUBWA: Basi ndiyo maana hampatani. Mnagombania jembe, na kila mmoja ana mkono wake. Huyu anavuna kwa chuma, huyu kwa mdomo wa samaki, mimi kwa vidole.

Naingilia hapa, kwa sababu Bi Mkubwa amesema lile ambalo majedwali ya maabara huliacha. Majaribio karibu yote yanauliza mwani unashika wapi zaidi. Mwenye mradi anatakiwa aulize unaachia vipi, na unamwachia nani. Kikwanguo cha chuma kinataka kitu kilichonyooka na kisichochanika, chenye ukwaruzo wa wastani: turubai, mkanda, wavu mgumu. Mdomo wa sato unataka kitu kigumu kisichokimbia ukiguswa, kisicho na tundu la kunasa mapezi, na ambacho mwani wake uko nje, si ndani. Zulia la Adey linalotoa gramu 39.6 limepimwa kwa kuvunwa na watu, si kwa kuliwa na samaki. Sehemu ya mwani huo imejificha katikati ya nyuzi ambako mdomo haufiki. Kwa samaki, ngozi ya mwanzi inaweza kuwa bora kuliko zulia kwa sababu ile ile ambayo ingeufanya ushindwe maabara: hauna manyoya. Na mkulima wa Paje anataka kamba ambayo haishiki chochote ila fundo alilolifunga mwenyewe.

Kama ningelazimishwa kuchagua kwa bwawa la Ruvuma, ningechukua fito ngumu chache zilizolowekwa, zikiwa zimefungwa pamoja kwenye fremu zinazonyanyuka kwa watu wawili, ndani ya zile sentimita 60 hadi 90 zenye mwanga. Kwa mfereji wa kusafisha maji taka ningechukua neti nzito ya Fundi. Usumba ningeuweka mahali ambapo mtu hawezi kurudi kutoa alichokiweka. Polistireni ningeiacha kwenye maboksi.

FUNDI: Mwandishi umegawa nchi kwa amani. Lakini mzee bado haamini neti.

MFUGAJI: Siamini. Nionyeshe kwenye maji yangu.

MTAFITI: Basi tufanye hivi. Fremu moja, vipande vya ukubwa mmoja: mwanzi uliopasuliwa, neti, usumba uliosukwa, turubai la pamba, bati la plastiki lililokwaruzwa kwa msasa. Vyote kina kimoja, vyote vinatazama upande mmoja wa jua. Baada ya majuma matatu unakwangua kila kimoja, unakausha, unapima.

MFUGAJI: Katika bwawa lenye samaki?

MTAFITI: Hapo ndipo. Fremu mbili zinazofanana. Moja tunaizungushia wavu, samaki wasiifikie. Nyingine wazi.

MFUGAJI: Mimi ya wazi inanitosha. Nikikuta kipande kimebaki kitupu, nimejua sato wamekipenda.

MTAFITI: Au hakikuota kitu tangu mwanzo. Kwenye fremu ya wazi, hivyo viwili vinafanana.

MFUGAJI: Mm.

BI MKUBWA: Na ukikuta kimejaa?

MTAFITI: Kimejaa kwenye ya wazi na kimejaa kwenye ya wavu, basi mwani unaota lakini samaki hawaumudu. Kitupu kwenye ya wazi na kimejaa kwenye ya wavu, hicho ndicho cha mzee.

FUNDI: Wavu wa kuzungushia nautoa mimi, bure. Mizani ya gramu nani anayo?